Namba Ndogo Juu ya Neno

Fungua kamusi nzuri ya Kiswahili kwenye herufi P, ushuke mpaka ulipate neno paa. Utalikuta limerudiwa, moja chini ya jingine, na kila moja limewekewa kitarakimu begani, kidogo kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hukiruka bila kukiona. Kuna paa wa porini, mnyama mdogo wa jamii ya swala. Kuna paa la nyumba. Kuna kupaa kwa ndege. Kuna kupaa samaki, yaani kumwondoa magamba kabla ya kumkata vipande. Kuna pia kupaa moto, kwenda kuchukua kaa linalowaka kwa jirani ukawashe jiko lako, kazi ambayo viberiti vimeifanya isisikike sana siku hizi. Machoni na masikioni ni neno moja. Kwa mtu aliyeketi nalo akalichunguza, ni maneno matano.

Mimi huzipima kamusi kwa vitarakimu hivyo. Watu wengi huzisifu kwa unene au kwa wingi wa vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa, na wachapishaji huandika idadi hiyo kwenye jalada kwa herufi kubwa. Kukusanya maneno kweli ni kazi, tena ya miaka. Lakini yakishakusanywa, mtunzi hubaki na shughuli ambayo hakuna amwonaye akiifanya: kuamua wapi neno ni moja lenye matumizi mengi, na wapi ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Wanaisimu wameziita hali hizo polisemi na homonimu, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano anaweza kukariri tofauti yake usiku wa kuamkia mtihani. Kuitumia tofauti hiyo mbele ya neno ambalo watu bado wanalisema, kila mmoja kwa namna yake, ndiko kunakohitaji fundi.

Kwenye paa, lugha yenyewe humsaidia fundi huyo kwa kumpa ngeli. Paa huyu amekimbia. Paa hili linavuja. Wale wa porini wakiwa wengi hubaki paa, na yale ya nyumba huwa mapaa. Ndiyo maana katika kamusi zetu kila nomino hufuatwa na mabano ya [a-/wa-], [li-/ya-] au [i-/zi-]. Wanafunzi hudhani hiyo ni sarufi iliyopachikwa ili kuwasumbua. Kwa mtunzi, ni ushahidi. Kaa anayekwenda upande kwenye matope ya mikoko na kaa la moto hutenganishwa na ngeli kabla hata ya kufikiria maana. Mkunga wa wodi ya wazazi na mkunga wa kwenye miamba ya bahari, yule samaki mrefu mwenye mwili wa nyoka, wote ni mkunga huyu. Lakini wa kwanza wakiwa wengi ni wakunga, na wa pili ni mikunga. Mtunzi wa kamusi ya Kiingereza hana zana hiyo. Angekuwa nayo, nadhani angelala mapema zaidi.

Vitenzi havina ngeli, na hapo kazi huwa ngumu. Mtunzi hutazama kitenzi kinamtaka nani jirani yake. Ndege hupaa, basi, sentensi imekwisha. Anayepaa samaki lazima awe na samaki. Hutazama pia watoto wa kitenzi: kupaaza sauti kumetokana na kule kwenda juu, wala hakuna anayekuhusisha na magamba. Lakini zipo jozi ambazo hata hilo halizitenganishi. Katika lugha nyingi za Kibantu toni hufanya kazi hiyo. Silabi ikipandishwa ni neno hili, ikishushwa ni lile. Kiswahili kiliacha toni, kikabaki na mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na baadhi ya pacha zetu huenda zilikuwa na sauti tofauti zamani. Panda mbegu, panda mlima. Sikio halina la kushika, kwa hiyo hubaki akili ya anayeandika.

Kisha kuna namba za aina ya pili, zile za kawaida zinazokaa ndani ya kidahizo kimoja. Ndege hupaa. Wakristo husherehekea Kupaa kwa Bwana siku ya 40 kuanzia Pasaka yenyewe. Waislamu husimulia kupaa kwa Mtume usiku wa Miraji. Ukurasa wa biashara nao hulalamika kwamba bei ya mafuta imepaa. Hayo yote ni paa mmoja, yule wa kwenda juu. Je, bei ipewe namba yake? Mimi ningeipa, kwa sababu bei haina mahali ilipokuwa wala mahali ilipofika. Kinachopanda ni hesabu. Mtunzi mwingine angesema namba moja inatosha na mfano mmoja wa bei. Mtunzi mzuri humjua msomaji wake kabla ya kuamua, kwa kuwa kila namba anayoongeza humchelewesha mtu anayetafuta jambo moja tu.

Neno ninalopenda kulitumia kuonyesha ufundi huu ni mkondo. Mvuvi wa Nungwi akisema mkondo, anazungumzia maji yanayokwenda, na anajua yanakwenda wapi. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukipata kasi zaidi wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi. Kati ya Pemba na bara kuna Mkondo wa Pemba, jina linaloshika maji na mahali kwa pamoja. Mwindaji wa zamani alisema mkondo akimaanisha njia iliyolazwa kwenye nyasi na wanyama waliopita. Upepo unaoingia dirishani na kutokea mlangoni nao ni mkondo, na akina mama wengi wamewaonya watoto wao wasilale kwenye mkondo huo. Mwalimu wa fizikia ana mkondo wa umeme, ambao hupimwa kwa ampea. Afisa elimu huandika kwamba shule fulani ina mikondo miwili, akiwa na maana kwamba kila kidato kimegawanywa madarasa mawili yanayokwenda sambamba. Mhakiki wa fasihi ana mkondo wa riwaya, na mwanasiasa ana mkondo wa fikra.

Sasa jaribu kuliandikia fasili. Mtu wa kawaida ataanza na bahari: mwendo wa maji kuelekea upande mmoja. Inasikika safi. Akienda kwenye umeme ataandika: mwendo wa chaji ndani ya waya kuelekea upande mmoja. Hapo fundi umeme atamsimamisha, kwa sababu umeme wa gridi unaoingia majumbani Kenya na Tanzania hauelekei upande mmoja. Unakwenda na kurudi, na mzunguko huo hukamilika mara 50 katika kila sekunde. Mtunzi mvivu atatia kiraka kwenye umeme na kuendelea. Mtunzi ninayemsifu atarudi baharini kuuliza kama fasili ya kwanza ilikuwa sahihi, na akirudi ataona haikuwa. Kwenye hori au mlango wa bahari, maji huingia kwa muda wa saa sita hivi yakijaa, kisha hutoka kwa muda kama huo yakipwa. Wakati wa bamvua hukimbia kwa nguvu, wakati wa maji mafu hulegea. Mkondo hugeuka, na mvuvi haubadilishi jina. Maneno “upande mmoja” yalikuwa ya mtu aliyeuona mto tu.

Mtunzi anayafuta. Anaandika: mwendo wa kitu kingi kwa pamoja kwa kufuata njia. Maji yanaingia humo, upepo unaingia, chaji zinaingia. Njia ya wanyama kwenye nyasi, ambayo mwanzoni ilionekana kama maana ya ajabu iliyopotea njia, sasa inaeleweka: ni ile njia iliyobaki baada ya mwendo kupita. Hata shule inaingia, kwa kuwa wale wanafunzi wa mkondo A hupanda pamoja kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, sambamba na wenzao wa B. Matumizi hayo ya shule yamekuja kwa kutafsiri Kiingereza, ambako shule nazo hugawanywa kwa vijito, lakini yalipofika yalikuta kiti kiko wazi.

Je, mtunzi aandike hivyo na kuishia hapo, fasili moja kwa wote? Hapana, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Fasili inayofaa kila kitu humsaidia mwanafalsafa na kumwacha mtoto wa shule gizani. Mtoto akikutana na “mikondo miwili” kwenye tangazo la nafasi za masomo hawezi kuyapata madarasa kutoka kwenye “kitu kingi kwa pamoja”. Kwa hiyo wazo lile la pamoja halichapishwi mahali popote. Mtunzi hubaki nalo kichwani kama uzi, akatunga nalo fasili nne au tano zinazotofautiana, kila moja ikizungumza na mtu wake, na zote zikiwa chini ya kidahizo kimoja kisicho na kitarakimu begani. Msomaji haoni uzi. Anaona tu kwamba maana hazigongani.

Ipo njia ya kuijaribu fasili, nayo ni kulitoa neno kwenye sentensi na kuiweka fasili mahali pake. “Mkondo ulikuwa mkali, ngalawa ikashindwa kuvuka.” Fasili ikikaa hapo bila sentensi kuvunjika, imepita. Sentensi za mfano zenyewe ni fani ndogo ndani ya fani. Mfano mbaya husema “Mkondo huu ni mkubwa”, na hautufundishi lolote. Mfano wa ngalawa una bahari, una nguvu, una matokeo, na ni maneno sita tu. Salim Bakhressa aliipa kamusi yake ya mwaka 1992 jina la Kamusi ya Maana na Matumizi, na naona jina hilo limebeba nusu ya hoja yangu.

Mkondo ni mpole. Piga ni jambo jingine kabisa. Peter Gilliver wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford amepata kueleza kwamba kitenzi “run” kilimchukua takriban miezi 9, na alipokimaliza kilikuwa na maana 645. Sisi tuna piga. Dobi anapiga pasi, mpiga picha anapiga picha, mwashi anapiga plasta, nesi anapiga sindano, mganga anapiga ramli, dereva anapiga honi, mshambuliaji anapiga chenga, mwananchi anapiga kura, serikali inapiga marufuku, na mwenye mafua anapiga chafya. Tuna hata cheo cha kiserikali kilichojengwa juu yake, Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Mgeni anayejifunza Kiswahili hufika mahali akaanza kutia piga mbele ya kila nomino, na mara nyingi hupatia.

Kamusi za zamani zilikabiliana na piga kwa kupanga misemo kwa orodha ndefu, na orodha hizo zina faida kwa anayetafuta. Fundi wa kweli huanza kwa kuichambua kama mpishi achambuavyo mchele kwenye ungo. Kwanza anaweka upande mmoja kupiga kwa mkono au kifaa, kunakoumiza au kugonga: mtoto, msumari, mlango. Kisha kupiga kunakotoa sauti: ngoma, gitaa, kengele, mluzi, honi. Simu inaingia hapa leo, ingawa zamani simu ya maandishi iligongwa kwa kidole kweli. Kisha kuna kupiga kwa kupitisha kitu juu ya uso wa kingine: pasi, deki, rangi, plasta, msasa, mswaki. Hili ni kundi ninalolipenda, maana mafundi wa kazi tofauti kabisa, ambao hawajapata kukutana, wanatumia mwendo uleule wa mkono. Kisha kupiga kwa kurusha au kuingiza kwa nguvu: mpira, risasi, sindano. Kisha tendo la mwili la ghafla: chafya, miayo, magoti, mbizi. Baada ya hapo hubaki chenga za ungo, yale yasiyoingia popote: kambi, marufuku, mnada, ramli.

Kwa haya ya mwisho naona watunzi wawili wanaweza kubishana mwaka mzima na wote wakawa na haki. Mmoja atasema piga ina maana nyingi. Mwingine atasema katika “piga marufuku” piga haina maana yoyote yake. Marufuku ndiyo inayobeba mzigo wote, na piga imekuja kuifanya itembee kama kitenzi, ipate nafsi na wakati: nimepiga, watapiga, ilipigwa. Kama huyu wa pili ana haki, basi mahali pa “piga marufuku” ni chini ya marufuku, wala si chini ya piga. Mimi niko upande wake, kwa sababu ya kawaida tu: mtu asiyejua maana ya marufuku hatalitafuta kwenye P. Lakini nakiri kwamba ile orodha ndefu kwenye P ina raha yake, na nimewahi kuisoma kutoka juu hadi chini pasipo kutafuta chochote.

Yako maneno yanayohitaji mtunzi awe na masikio katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Mwiko ni wa kusongea ugali, na mwiko ni wa mwashi wa kuchotea udongo na kulainishia ukuta. Hawa ni mmoja: ubapa, mpini, kazi ya kuchota na kusawazisha. Mwiko wa mila, jambo lisilofanywa, ni mwingine, na wengi hata huutenganisha kwenye wingi, miko ya jikoni na miiko ya wazee. Huyu wa pili ndiye aliyeingia kwenye siasa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba, na makatazo hayo yakajulikana kama miiko ya uongozi. Kutoka hapo ikawa rahisi kusema miiko ya udaktari, miiko ya uandishi wa habari. Jirani yake ni mzio. Hapo awali mzio ulikuwa kitu ambacho mtu alikatazwa na mila au na mganga asikile, kisije kikamdhuru. Hospitali ikauchukua, na leo mtoto mwenye mzio wa karanga ana jambo ambalo daktari anaweza kulipima. Fasili ya zamani na ya sasa zinakutana kwenye neno “kudhuru”. Mtunzi aliyelizingatia hilo ataziweka chini ya kidahizo kimoja, na atakuwa ameeleza historia ndefu bila kuandika hata sentensi moja ya historia.

Tezi ni mtego safi. Baharia anajua tezi ni upande wa nyuma wa chombo, na omo ni wa mbele. Daktari anajua tezi ni kiungo kinachotoa majimaji mwilini, na wanaume wenye umri wameambiwa wakapime tezi dume. Ngeli haisaidii, yote mawili ni [i-/zi-]. Minyumbuliko hakuna. Inabaki mtunzi ajiulize kama kuna njia yoyote ya haki ya kutoka kwenye mashua hadi mwilini, na asipoiona, asiibuni. Kuna kishawishi kikubwa hapa, maana kubuni asili za maneno ni mchezo mtamu na barazani humpatia mtu sifa. Kwenye kamusi adabu ni kuandika ¹ na ² na kunyamaza.

Ukiitazama historia ya kamusi zetu kwa jicho hili, utaona kwa nini hatua moja ilikuwa kubwa kuliko inavyosemwa. Krapf alifariki mwaka 1881, na kamusi yake, iliyojengwa juu ya Kiswahili cha Mombasa, ikatoka mwaka uliofuata. Madan alifuata mwaka 1903. Mwaka 1939 ulileta mbili kwa pamoja: ile ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyoongozwa na Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha, juu ya msingi wa Madan, na ile ya Padri Charles Sacleux iliyotolewa Paris. Sacleux alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na ukisoma kamusi yake unaona mtu aliyezoea kutofautisha majani yanayofanana. Hizo zote ni kazi kubwa. Lakini kamusi ya lugha mbili ina pazia la kujifichia. Neno la Kiingereza la mkondo wa maji ndilo hilohilo la mkondo wa umeme, hivyo anayetafsiri anaweza kuliandika mara moja na kuondoka. Kazi ya kutenganisha ameiacha kwa msomaji wa London.

Pazia hilo huanguka pale Kiswahili kinapoelezwa kwa Kiswahili. Johnson alijaribu mwaka 1935 kwa kitabu chake cha maneno ya Kiswahili. Kamati yake, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilihama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kurudi Dar es Salaam, na kutokana nayo ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakaja na Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA, baraza la Kiswahili la Taifa, na Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Vitabu hivi vinakosolewa sana, na ukosoaji mwingine ni wa haki: fasili zinazozunguka, neno moja likielezwa kwa jingine na lile la pili likirudishwa kwa la kwanza, majina ya samaki yaliyoelezwa kwa “aina ya samaki” na basi. Hata hivyo, anayevikosoa na akae siku moja aandike fasili ya “kama”, kisha tuzungumze.

Kwa miaka mingi zana ya kazi hii ilikuwa kadi, moja kwa kila tumizi la neno, na meza kubwa ya kuzitandaza. Siku hizi kuna kongoo za kompyuta, yaani makusanyo makubwa ya matini. Ya Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, huweza kukuletea mistari mingi yenye neno moja, neno limepangwa katikati ya ukurasa, na majirani zake kushoto na kulia. Ni raha kuangalia mistari ya mkondo ikijipanga: huku maji, huku umeme, huku shule. Mashine imekuokotea, lakini haijakuambia mstari wa kukata upite wapi.

Hata mpangilio wa namba una siasa zake. Dira ni chombo cha baharia cha kuonyesha pande za dunia. Tanzania ikawa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, kisha Dira 2050, na kijana wa leo anaweza kumaliza chuo akiwa amelisikia neno hilo kwenye hotuba tu. (Wakenya walichukua neno jingine, wakawa na Ruwaza ya 2030.) Ukifuata wingi wa matumizi, mpango wa maendeleo uwe namba 1 na kifaa kiwe namba 2. Ningekataa. Dira ya hotubani inasimama juu ya dira ya nahodha; ukiitanguliza, msomaji haoni kwa nini mpango wa uchumi uitwe hivyo. Najua watunzi wa kamusi za wanafunzi hawakubaliani nami, kwa kuwa mwanafunzi wao anasoma gazeti, hasafiri kwa jahazi.

Neno ninalolifuatilia kwa sasa ni mwendokasi. Kwenye fizikia ni umbali kwa kipimo cha muda. Kwa askari wa barabarani ni kosa, na taarifa za ajali hulitaja kila mara kama chanzo. Tangu Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam, limekuwa kitu unachoweza kukipanda. Mwanzoni watu walisema “basi la mwendokasi”, na hapo mtunzi hakuwa na la kufanya, lilikuwa neno lilelile likielezea basi. Kisha basi likadondoka. Sasa sikiliza ngeli. Mwendo ni [u-/i-], kwa hiyo tungetarajia “mwendokasi wa Kimara umejaa”. Kituoni husikii hivyo. Unasikia “mwendokasi ya Kimara imejaa”, na zikiwa mbili, “zimejaa”. Ni ngeli ya daladala, ya teksi, ya bodaboda. Neno limejitenga lenyewe, bila kamati.

Kwa hiyo kama ningekuwa kwenye meza ya mtunzi nisingelipa namba 3 ndani ya kidahizo cha zamani. Ningefungua kipya, nikiwekee ² begani, [i-/zi-] kwenye mabano, fasili ya maneno yasiyozidi kumi, na mfano huu: “Mwendokasi ya Kimara imejaa, ngoja inayofuata.”